Mpagazi Kilizama

Msahihishaji alikuwa akipitia prufu za riwaya fupi ya safari, tafsiri ya zaidi ya miaka mia iliyopita ambayo kampuni ilitaka kuichapa upya, maji yalipoanza kuchuruzika kutoka kwenye ukurasa. Alisogeza kikombe chake cha chai. Katika sura hiyo msafara unavuka mto. Mbwa wa kapteni anaumia mguu, anabebwa. Kisha mfasiri ameandika: "Mpagazi kilizama, na sanduku moja."

Alasiri mpagazi mwenyewe alikuwa amesimama kando ya kabati la faili. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imelegea kama soksi kuukuu, naye alinuka maji ya maua yaliyosahaulika.

"Dada," alisema, "mbwa kapewa a-. Mimi nimepewa ki-."

"Nimeona, kaka. Labda ni kosa la mpiga chapa."

"Kitabu kizima? Wenzangu wote ni vi-."

"Sasa unataka nini?"

"Nizame kama mtu, nipumzike. Kitu hakifi, dada. Kinaoza tu."

Msahihishaji alilikata neno kilizama kwa penseli, akaandika pembeni: alizama. Mpagazi akajilaza sakafuni chini ya dirisha, akafumba macho. Harufu ikakatika. Mhasibu aliyekuwa akipita alizunguka asimkanyage, akasema poleni.

Mhariri mkuu, ambaye wafanyakazi walimwita Koma akiwa hayupo, aliingia akitafuna biskuti. Akasoma pambizo.

"Mama, hapa umefanya nini?"

"Sarufi, mzee. Mtu ni a-, wa-. Hata darasa la pili wanajua."

"Hiyo si sarufi, ni historia. Wasomaji wananunua ladha ya zamani. Tukianza kusafisha, tutabaki na nini?"

"Na huyu?" Alielekeza penseli sakafuni.

Koma aliinama, akamtazama mpagazi kwa adabu zote. "Namhurumia sana," alisema. "Nitamwekea tanbihi."

Akachukua raba, akafuta. Mpagazi akafumbua macho, akainuka, maji yakimtoka masikioni. Ruba mmoja alidondoka juu ya prufu. Koma alimpangusa kwa pakiti ya biskuti, kisha akachukua biskuti nyingine, akaila.

Tanbihi haikupata nafasi. Ukurasa ule ulihitajika kwa picha ya mbwa.

Kitabu kilitoka kikiwa na maneno haya jaladani: Tafsiri ya awali, haikuguswa. Shule ziliagiza kwa wingi. Kwa kuwa wageni wa mapokezi walilalamikia harufu, mpagazi alihamishiwa ghalani, ambako ilionekana kuwa kimo chake kinafaa kupangiwa mabunda kichwani.

Msahihishaji aliteremka siku moja kumjulia hali. Hakuweza kumwona uso kwa jinsi vitabu vilivyorundikwa. Alimuuliza mtunza ghala anaendeleaje.

"Kinanuka," alijibu mtunza ghala, akiongeza bunda jingine, "lakini kinabeba."