Mashallah ya Nawoi

Nawoi Aukot hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, wala hakuona kwa nini ainamishe. Binti wa katekista wa Lodwar, muuguzi mwenye cheti ambaye kina mama walimwita daktari, mpimaji wa watoto katika kliniki moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma! Watoto walifika kwake mifupa na macho tu, wakaondoka wakirusha mateke. Alijisifu? Alijisifu, tena sana, na nani angemlaumu?

Fahari yake kubwa mwaka huo ilikuwa Sagal, mtoto wa Ubah, mama Msomali mwenye maneno machache. Sagal aliletwa akiwa na miezi minane, hana nguvu hata ya kulia. Wiki sita Nawoi alihangaika naye kwa ile lishe ya njugu ya pakiti, akimbembeleza mtoto, akimkaripia mama, akiwakaripia hata nzi. Siku mizani iliposoma kilo saba, furaha ilimzidi. Akamwinua Sagal juu mbele ya foleni nzima.

"Tazameni! Kilo saba! Mashavu haya, mapaja haya! Nani ana mtoto mzuri kama huyu?"

Ubah akamnyakua mwanawe, akamfunika kwa mtandio, akatoka bila hata kuchukua pakiti zake.

Wiki iliyofuata hakuja. Ya pili pia hakuja. Nawoi akawa hali akashiba, maana alijua mtoto wa namna ile akiachishwa lishe katikati hurudi alikotoka, na safari hiyo huenda asiinuke tena.

"Sista, wewe ulimsifu mtoto bila kusema mashallah," akasema Chuol, mkalimani wa kliniki, aliyekaa Kakuma miaka ishirini na kujua mila za kila mtaa. "Sasa mama anaogopa jicho lako. Nenda useme hilo neno, yaishe."

"Mimi?" Nawoi akaja juu. "Mimi ninayeimba kwaya kila Jumapili? Nimemtoa mtoto mdomoni mwa kaburi, halafu niambiwe nina kijicho! Thubutu!"

Chuol akacheka tu, naye Nawoi akamnunia siku nzima.

Jumamosi akapanda gari kwenda Lodwar kumwona mwanawe mwenyewe, Adome, aliyekuwa akilelewa na bibi yake, Mama Losike, mamake Nawoi. "Ejok!" akaamkia langoni kwa Kiturkana. Akamkuta Adome mkekani, mnene, anacheka, na pembeni yake Carol, mgeni wa jirani kutoka Nairobi.

"Wah! Huyu mtoto ni mnono!" Carol alikuwa akisema, akimfinya shavu. "Na hayo meno! Sijaona mtoto mrembo hivi tangu nifike huku."

Nawoi akasimama akingoja. Kwao Waturkana, aliyempenda mtoto kwa macho humtemea mate kidogo kwenye paji la uso, na hiyo ndiyo baraka ya kumkinga na jicho. Carol hakutema kitu. Aliendelea kusifu, sifa juu ya sifa, na Nawoi akausikia mdomo wake mwenyewe ukipaza sauti hata kabla ya mama yake.

"Mtemee mate! Dada, usimwache hivyo, mtemee!"

Carol akatoa macho. Mama Losike akaangua kicheko. "Ee Nawoi! Na masomo yako yote hayo!"

Nawoi aliona haya mpaka masikio yakawa moto, lakini haya ile haikuwa ya Carol. Alikuwa akimwona Ubah akimfunika mwanawe kwa mtandio.

Jumatatu alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Ubah. Ubah akasimama mlangoni, Sagal begani, asimkaribishe. Mtoto alikuwa amepungua. Nawoi aliliona hilo mara moja, na likamuuma, lakini hakulitaja.

"Mama Sagal, nilikosa," akasema. Maneno hayo yalimtoka kwa shida, hakuwa na mazoea nayo. "Ila sitaki kusema lile neno lenu kama kasuku. Niambie kwanza maana yake."

Ubah akamweka Sagal vizuri begani. "Ni alivyotaka Mungu. Ukiona kizuri unasema hivyo, ujue si wewe umekifanya, wala si mimi mama yake. Siku ile, daktari, ulimwinua kama wewe ndiye umemuumba."

Likamchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Wiki sita Nawoi alikuwa akisema "mtoto wangu," akisema "kilo zangu." Akamtazama Sagal, pumzi zake, vidole vyake vilivyoshika mtandio wa mama. Ni wangapi waliokula pakiti zilezile, kwa mikono yake ileile, wakafa? Huyu alikuwa hai.

"Mashallah," akasema Nawoi. Alilisema polepole, kichwa juu, kama anavyosimama kanisani siku ya kuimba peke yake. Machozi yakamtoka, asiyafute.

Ubah akamtoa mtoto begani, akamtia mikononi mwa Nawoi. "Mshike nifunge mlango. Twende kliniki."

Wakaipita njia kuu ya kambi, Nawoi kambeba Sagal, Ubah kando yake. Penye foleni ya maji wanawake wakauliza ni mtoto wa nani huyo, hata akabebwa na daktari mwenyewe.

Ubah, yule wa maneno machache, ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni.

"Wetu!"