Kitufe cha Safisha

Swabir, kijana wa Waa aliyesomea kompyuta Mombasa, ndiye aliyeitengenezea hoteli moja ya Diani programu ya kuwawekea wageni vyumba. Aliipanga fomu yake kwenye kioo cha kompyuta kwa kipanya: juu visanduku vya jina na chumba, chini vitufe vya Hifadhi, Futa cha kumwondoa mgeni orodhani, na Safisha cha kuacha visanduku vitupu tu. Alijivunia jinsi vilivyolingana.

Jumamosi moja wageni wa harusi walifika wakakuta majina yao hayamo katika kompyuta na vyumba vyao wamepewa wengine. Kina mama wakaketi juu ya masanduku yao pale mapokezi, wakinung'unika. Meneja, Bwana Jacktone, akamwita Swabir.

"Programu yangu haina kosa," Swabir alisema kwa sauti. "Huyu dada ndiye asiyejua kompyuta. Anafuta majina, halafu anaisingizia mashine."

Roselyne, aliyekuwa akipokea wageni, alimkazia macho. "Sijafuta mtu. Nikimaliza kumhifadhi mgeni mmoja ninabonyeza Safisha, visanduku vibaki vitupu nimwandike mwingine. Ni wewe uliyenifundisha."

"Nilikufundisha, lakini mjinga hafundishiki."

Wageni walisikia. Muda si muda Roselyne akahamishiwa kwa dobi.

Swabir alibaki na kompyuta ili aongeze onyo kwa wasio makini. Akaifungua fomu upande wa mtengenezaji, akabonyeza Safisha mara mbili yatokee maagizo aliyokiandikia, na yaliyotokea yalikuwa maagizo ya Futa.

Akakumbuka. Kitufe kile hakuwa amekiunda kipya. Alikinakili cha Futa, akabadilisha maandishi ya juu tu. Mashine ilimwuliza kama anataka vitufe vyote viwili vifuate maagizo yale yale, naye akajibu ndiyo bila kusoma. Alipokijaribu, visanduku vikawa vitupu, akaridhika. Kumbe na jina lilikuwa limefutika orodhani.

Alirekebisha kimya kimya. Bwana Jacktone akamletea chai kwa mkono wake mwenyewe, akamsifu. Swabir aliiweka ile chai mezani bila kuionja. Dirishani alimwona Roselyne akikamua shuka zito, kitambulisho cha mapokezi bado kifuani.

"Bwana Jacktone," alisema, "kosa ni langu."

Alieleza yote akitazama sakafu. Kisha akaenda uani kwa dobi.

"Dada Roselyne, nisamehe. Kitufe nilikikosea mimi."

Roselyne hakuliacha shuka. "Kule uliniita mjinga mbele ya watu. Huku umekuja kunong'ona?"

Swabir alirudi mapokezi, uso ukimwaka, akasimama mbele ya wale kina mama waliokuwa bado juu ya masanduku.

"Mnisikilize, tafadhali," alianza, na sauti ikamkatika. Akaanza tena. Roselyne alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikimchuruzika maji, akimsubiri amalize.