Hodi ya Kijakazi

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mwaka 1959, Padri alitia ufunguo kwenye tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi juu ya altare, akauzungusha, na mlango haukufunguka. Akauzungusha tena. Kitasa kilisikika kikitii, lakini mlango ulibaki palepale. Nyange, katekista, alipanda altareni na mafuta ya nazi kwenye kijiko, akapaka bawaba. Waumini walingoja wamepiga magoti. Walikuwa wachache, wengi wao watu wa bara waliokuja kuchuma karafuu wakasalia kisiwani.

Kijakazi alikuwa kwenye benchi la nyuma, benchi la wasiokomunika, waliokatazwa kupokea Komunyo. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Uzazi wa kwanza ulitoa mtoto maiti, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Sasa alitaka jambo moja tu: apokee Komunyo kabla uchungu haujamshika. Jana yake alikwenda kumwomba Padri.

"Wewe umeozwa na kadhi," Padri alimwambia. "Mbele ya Kanisa ndoa hiyo haipo."

"Ndoa haipo, Padri, na mimba ipo?"

"Mumeo aje tuifunge hapa. Au umwache."

Jaribu, mumewe, alikuwa Mwislamu, mchukuzi wa bandari ya Wesha. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe hadi kanisani, akamngoja nje. Kuja mbele ya altare hakutaka. Kumwacha Kijakazi hakutaka pia, wala Kijakazi hakutaka kuachwa.

Sasa Nyange alikuwa akitokwa jasho, na Kijakazi akaliona kosa. Hapana aliyepiga hodi. Yeye alilelewa Pujini, na huko mlango hata ukiwa wazi haupitwi bila hodi. Kila alfajiri, akikuna nazi, alimpigia Mungu hodi kwa sauti ya chini, akamweleza ya nyumbani. Sala alizofundishwa misheni alizisema baadaye, zote, bila kuruka neno. Aliinuka, akapita katikati ya mabenchi tumbo likitangulia, akapiga magoti kwenye kizuizi cha altare.

"Hodi," akasema.

"Rudi nyuma," Nyange akamwambia.

"Hodi."

Hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mtu huenda zake. Kijakazi alijua kwamba akienda zake leo hatakuwa na uso wa kurudi. Alishika kizuizi kwa mikono miwili.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani ya tabernakulo, kama ya mtu aliyekatizwa kazi, na mlango ukafunguka.

Padri alitoa chombo cha hostia, mikate ya Komunyo, akawakomunisha waliosogea. Alipofika kwa Kijakazi, aliyekuwa amefumba macho na kufungua kinywa, alimruka.

Baada ya Misa alimwita sakristia, chumba cha nyuma ya altare.

"Mwenyewe amesema karibu," Kijakazi alimwambia.

"Hakusema anamkaribisha nani."

Jumapili ya pili Nyange alibisha, kwanza kwa Kilatini, kisha kwa Kiswahili cha kitabuni. Hakujibiwa. Ikabidi Kijakazi aitwe kutoka benchi la nyuma. Alipomaliza hodi ya tatu, sauti ilisema, "Karibu, Kijakazi," na watu wote waliisikia. Padri alimruka tena.

"Leo nimetajwa jina," Kijakazi alimwambia sakristia.

Padri alivua mavazi ya Misa. Hakuwa mtu mkali, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakuwa amelala. "Kijakazi ni jina la nyumbani," akasema. "Kanisa linakujua kwa jina la ubatizo, na wewe ni Monika. Uje Jumapili ijayo, utubishie."

Nyumbani Bi Mwatum, mama mkwe wake, aliyasikiliza yote huku akipepeta mchele.

"Mwenye nyumba akaribisha, bawabu akataa," alisema. "Nawe wenda tena?"

"Naenda, mama. Nisipobisha, hata wengine hawatapata."

"Haya. Ila ukichelewa kurudi, mchuzi wako atakula paka."

Jumapili zote za Kwaresima zilipita hivyo hivyo, na siku ya Pasaka uchungu ulimshika kwenye hodi ya pili. Nyange alimletea kiti ili aimalize ya tatu. Kijakazi alimtazama Padri, na Padri akatazama ufunguo wake.

"Hodi."

"Karibu, Kijakazi. Ingia."

Mlango ukafunguka. Waumini walisogea, wakipita pande mbili za kiti, wakakomunika mmoja mmoja. Kijakazi alifungua kinywa, akangoja, akakifumba. Maji yalikuwa yameanza kumtiririka miguuni. Jaribu aliitwa. Alivua viatu mlangoni, akaingia kanisani kwa mara ya kwanza, akamwinua mkewe, wakatoka polepole.

Nyuma yao sauti ikauliza, "Yuko wapi aliyebisha?"

Padri alirudisha chombo ndani, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Kisha akaanza sala ya kumalizia kwa Kilatini, na watu wakaitikia bila kukosea.