Mafuta Yasiyopoa

Asubuhi, mwendesha mtambo wa kiwanda cha mafuta ya kula alishika chupa ghalani akakuta bado ni ya moto. Ilijazwa wiki iliyopita. Aliizungushia kitambaa akampelekea meneja.

"Hayapoi, bosi."

Meneja aliigusa, akapuliza vidole. "Afadhali. Wateja wataokoa mkaa."

Mwendesha mtambo aliitwa Fundi Harufu, kwa kuwa alisimamia tangi linaloondoa harufu ya mafuta kwa mvuke. Zamani mafuta yalioshwa kwanza kwa maji, kisha yakapashwa moto wa wastani, polepole. Wateja walipotaka mafuta meupe, meneja aliacha kuosha, akapandisha moto. Mkemia wa kiwanda aliwaambia wazi kikaoni kwamba moto ule unazaa sumu ndani ya mafuta, na watoto ndio watakaodhurika zaidi. Walimsikiliza kwa heshima, wakaenda kula.

Mafuta yaligombewa. Watu walikaanga mayai mezani bila jiko. Mama mkwe wa Fundi, aliyeishi naye, aligawa jiko lake kwa jirani. "Mkwe wangu, leo umetufaa," alisema, na kwa mama yule hizo zilikuwa sifa za mwaka mzima.

Kisha binti wa Fundi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akapata joto lisiloshuka. Daktari alimpima. Hakuwa na homa. Alikuwa wa moto tu, kama watoto wengine wa mtaa, na mama zao walishauriwa wasiwafunike sana.

Fundi aliumia moyo, maana mafuta yale aliyatengeneza mwenyewe. Kesho yake aliosha mafuta, akashusha moto, akasubiri. Yalitoka ya manjano, yananukia mbegu. Kabla ya chai yalikuwa yamepoa. Alishika chupa kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga.

"Mazuri," alisema meneja, na alimaanisha. "Lakini nani atanunua rangi hii? Rudisha moto, ndugu yangu. Wote tuna watoto."

Fundi akarudisha moto.

Jioni kulikuwa na baridi kali. Mama mkwe alivuta kigoda, akafikicha viganja.

"Hebu nipe mtoto," alisema, "niote kidogo."

Fundi akampa.