Mkono wa Mbuvi Kwenye Karatasi

Mimi Shiundu, niliyestaafu kazi ya simu na kuwahi kunasa stesheni ya Brazil kwa mfuniko wa sufuria, ndiye niliyeunda mashine ya kupima mtetemeko. Asiyeamini aje mtaani kwetu Laini Saba. Mota ya kaseti huvuta karatasi polepole, na juu yake pana kalamu iliyofungwa kwa waya kwenye kifundo cha mkono. Mkono ukitikisika, kalamu inachora.

Niliiunda kwa ajili ya jirani yangu Mbuvi, fundi cherehani mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Sista wa zahanati moja Kawangware husoma michoro hiyo, akajua kama tembe zinamtosha. Januari ile ya fujo za uchaguzi, tembe ziliisha. Bila tembe Mbuvi hukakamaa hadi kumeza uji kunamshinda. Basi tukatoka kwa miguu kwenda zahanati, yeye akiburuta nyayo, mimi nimebeba mashine.

Karibu na mtaa wa Ayany vijana walikuwa wamefunga njia kwa mawe.

"Niaje, buda," mwenye panga akamwambia Mbuvi. "Mbona unatetemeka? Unaficha nini?"

"Ni ugonjwa," nikasema.

"Leo kila mtu ni mgonjwa!"

Mara ya kwanza mwaka huo nasema ukweli, na ona ulivyonifaa! Nikawasha mashine, nikamfunga Mbuvi kalamu mkononi. Kalamu ikachora vijilima vilivyolingana, kama mshono wake mwenyewe.

"Ugonjwa huchora hivi," nikasema. "Woga huchora ovyo. Mashine hii imepima majenerali."

"Hebu nipime mimi," kijana akasema, akiwachekea wenzake.

Akaweka panga chini. Kalamu ikaruka, ikazama, ikakwaruza, ikaruka tena. Wenzake wakaacha kucheka.

"Betri yako imeisha, mzee," kijana akasema.

"Imeisha kabisa, mwanangu," nikajibu haraka.

"Haya, piteni."

Kawangware, sista alimpa Mbuvi tembe, kisha akaikunjua karatasi yote. "Na huyu wa pili ni nani? Huyu hana Parkinson. Huyu anaogopa."

"Tumemwacha njiani," Mbuvi akasema.

Tulipoondoka mkono wa Mbuvi ulikuwa umetulia. Mimi nilitaka turudi kwa njia nyingine, hata kama ni ya kuzunguka mji mzima. Alikataa. Pale penye mawe akamwendea kijana yule, akamnyooshea mkono.

"Umeshindaje, kijana?"

Kijana aliutazama mkono ule uliotulia. Kisha akahamishia panga kushoto, ili amsalimu.