Mwenye Ardhi Iliposimama Nguzo

Ezekiel alijua. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo: mama yake ni Mluguru, amelelewa na wajomba, na bado akafanya alivyofanya.

Kanuni za halmashauri ziko wazi. Kampuni haifungi kifaa cha mtandao kwenye nguzo ya umma mpaka mwenye ardhi iliposimama nguzo aridhie kwa maandishi. Ezekiel ndiye afisa wa vibali, na siku hiyo alipanda mlimani, juu ya mji wa Morogoro, fomu mkononi, mafundi na ngazi yao nyuma yake, mvua ikinukia. Nguzo ilikuwa katikati ya shamba la karoti. Mzee Andrea alikuwa akipalilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtandao ndio umefika?"

"Bado sahihi yako tu. Hapa, penye mwenye ardhi."

Andrea alishika kalamu, akasita. Shamba hilo alikuwa amelilima miaka thelathini na mbili, lakini kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na hiyo ni ya ukoo wa mkewe, Filomena. Msemaji wa ukoo ni mjomba wa Filomena, Mzee Anselmi, aliyekuwa msibani Kinole.

"Mimi hapa nimeoa tu," alisema. "Tumsubiri mjomba, Jumatatu anarudi."

"Mzee, hii ni karatasi tu. Andika jina, tushuke kabla ya mvua."

Karatasi tu! Afisa mzima, anayerudisha barua za watu kwa kukosa muhuri, leo anasema karatasi tu. Andrea, kwa ustaarabu wake, akaandika.

Kifaa kikafungwa. Nakala ya kibali ikabandikwa ofisi ya mtaa, kama kanuni zinavyotaka, na jina la Andrea likasomwa na kila mpita njia. Ukoo ukachemka. Mkwe kajiandikia shamba letu!

Habari zilimfikia Ezekiel wiki hiyohiyo. Alipanda mlimani baada ya miezi miwili. Alijidanganya kwamba anasubiri fomu ya marekebisho ipitishwe, kumbe alikuwa anaogopa kuulizwa. Mzee Anselmi aliisoma fomu taratibu, akasaini.

"Sikuwa na ugomvi na nguzo," alisema. "Mtandao hata mimi nautaka."

"Basi Mzee Andrea mambo yake yameisha?"

Filomena, aliyekuwa akifunga mafungu ya karoti, hakuinua macho. "Yuko Turiani, anakata miwa. Na umri ule."

"Mlimfukuza?"

"Nani amfukuze?" Anselmi alisema. "Tulimweka kikao, tukamuuliza nani kamwambia aandike vile. Angetaja mtu, yangeisha palepale. Akasema ni yeye mwenyewe, tamaa ilimshika. Ukishasema hivyo mbele ya ukoo, utakaa vipi? Kesho yake akaondoka."

Ezekiel alitamani ardhi hiyohiyo immeze. "Ni mimi niliyemwambia," alisema.

Filomena aliweka fungu chini.

"Najua," alisema. "Aliniapisha nisiseme. Alisema yule kijana ana watoto wadogo, asije akapoteza kazi kwa ajili yetu." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Mimi nilinyamaza kwa sababu niliapa. Wewe, baba, ulinyamaza kwa nini?"