Mkwe na Nyumba Inayoelea

Watu walio likizoni nawajua kuliko wanavyojijua wenyewe. Kazi yangu ni kupeleka chakula vyumbani katika hoteli moja ya Lusail, kando ya Doha, Qatar, na mtu aliyekufungulia mlango akiwa na taulo kiunoni hana siri tena kwako. Nawajua wanaoomba chumvi baada ya kumaliza nusu ya sahani. Nawajua wanaosema asante macho yakiwa kwenye simu. Nimejifunza kutembea nisisikike na kutabasamu hata jino likiuma. Sisemi ni kazi mbaya. Lakini tangu nifike Doha nilikuwa na tamaa moja, na aliyeijua ni mke wangu peke yake: siku moja nikae chini, wiki nzima, mtu mwingine aniletee.

Kwa hiyo mzee Shaun alipotoa mwaliko, aliyeruka juu kwa furaha ni mimi.

Shaun ni mhandisi, Mwairishi. Mke wangu Nasimiyu ni muuguzi, naye ndiye aliyemtunza mke wa Shaun nyumbani kwao baada ya kupasuliwa nyonga. Yule mama alipoanza kutembea bila mkongojo, Shaun akatuambia kwamba ndugu yake ana boti huko Ireland, boti ndefu ya kifahari, hoteli kamili, inayoteremka polepole katika mto Barrow ikiwa na wapishi na wahudumu wake. Kila mwaka, kabla wageni wa kulipa hawajaanza kuja, wahudumu hufanya safari moja ya kujinoa, wakiwahudumia marafiki wa mwenye boti. Vyumba viwili vilikuwa vitupu.

"Njooni," alisema. "Na mama yenu mje naye."

Mama mwenyewe ni Mama Reuben, mama mkwe wangu, mjane wa Bungoma mwenye shamba la mahindi na miguu isiyojua kutulia. Viza zikatafutwa, zikapatikana. Mpango ukawa apitie Doha, akae nasi kidogo, kisha twende sote watatu.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana si kila msomaji ametoka kwetu. Mimi ni Mjaluo, mke wangu ni Mbukusu. Makabila yetu yanabishana mengi, lakini kwa hili yanaelewana: mwanamume halali nyumba moja na mama wa mkewe. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda kando. Si chuki. Ni heshima, tena heshima yenye makali, na anayeivunja asiulize kwa nini mambo yake hayaendi.

Kwenye simu, hata hivyo, wazee hawakuwahi kuweka sheria yoyote. Na hapo ndipo mimi na Mama Reuben tulipojengea urafiki wetu. Kila Jumapili akitoka kanisani hunitumia sauti kwenye WhatsApp: kuku amefanya nini, jirani amesema nini, mhubiri amelala wapi katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shule ya msingi, na sauti yake imenitoka. Ya Mama Reuben naweza kuitambua sokoni kati ya watu elfu. Uso wake niliujua kwa picha.

Alipowasili, Nasimiyu aliingia kumpokea, mimi nikabaki kwenye gari nimeangalia mbele. Mama akaketi nyuma. Nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, nikamsalimu nikiwa nimekiangalia kioo cha mbele, naye akaitikia akiwa ameangalia dirishani. Nikawashusha mlangoni kwetu Abu Hamour, kwenye kile chumba na sebule yetu, nami nikaenda kulala kwa Wesley, rafiki yangu dereva, mtaa wa pili. Hakuna aliyeniambia nihame. Nilikuwa nimefungasha nguo zangu tangu jana yake.

Kisha Nasimiyu akamwonyesha mama yake picha za ile boti.

Alinisimulia baadaye. Mama alizitazama moja moja akiwa amevaa miwani: vitanda vyenye mito minne minne, bafu, meza yenye maua, jiko na mpishi wake. Akauliza, "Na Oloo atalala wapi?"

"Humo humo, Mama. Vyumba ni tofauti."

Mama akaiweka simu kwenye kochi. "Hii si boti," akasema. "Hii ni nyumba. Wameiweka tu majini."

Ndilo kosa tulilofanya, na sidhani kama Mzungu au Mwarabu angeweza kulifanya. Sote wawili, watu tuliosoma, tuliichukulia boti kama basi. Kwenye basi hakuna ukwe. Mnasinzia kutoka Nairobi hadi Kisumu, mkwe kiti hiki, mama kiti kile, na hakuna anayewaita wazee kikao. Neno boti likatufumba macho. Hatukukiwaza kitanda.

Nikampigia simu shemeji yangu Reuben, aliyeshika nafasi ya marehemu baba yao.

"Ndege je?" nikamuuliza kwa ukali. "Si huko pia tutakuwa chini ya paa moja?"

"Kwa ndege watu husinzia, shemeji. Hawalali."

"Nimeona wanaokoroma."

"Wacha mchezo. Hiyo boti iko na jiko?"

"Iko."

"Iko na kitanda?"

"Iko."

"Mlango wa kuingilia ni ngapi?"

"Mmoja."

"Basi hiyo ni nyumba," akasema Reuben. "Ikielea ni nyumba. Ikipaa ni nyumba."

"Si kuna njia ya kuondoa hii kitu? Nimesikia watu huiondoa."

"Iko. Lakini inataka wazee wa huku na wa kwenu, na inataka mbuzi, na inafanyiwa nyumbani. Mbuzi hachinjwi kwa WhatsApp, shemeji."

Shaun, tulipomweleza, hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alifikiri, kisha akatoa wazo. Boti ile huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kando ya mto kuna njia. Ningeweza kuchukua baiskeli, nikaandamana nao mchana kutwa kando ya maji, na jioni nikalala kwenye nyumba za wageni. Nikamshukuru. Niliteremka ngazi zake nikiwa nimefura. Nivuke bahari niende kuwatazama watu wakila nikiwa pembeni? Hiyo ndiyo kazi yangu hapa, tena hapa naifanya bila baiskeli.

Jioni ile nikamalizia hasira kwa mke wangu, nje ya mlango wetu, maana ndani sikuweza kuingia.

"Hii mila mnaikumbuka ikiniumiza mimi tu!"

"Oloo, punguza sauti, anasikia."

"Asikie!"

"Yule ni mama yangu," Nasimiyu akasema, na macho yalikuwa yamemjaa. "Wewe ni mume wangu. Sasa unataka nimtupe nani mtoni?"

Nikaenda kwa Wesley nikalala na viatu.

Ijumaa Nasimiyu alikuwa zamu, mimi nilikuwa huru. Asubuhi ukaja ujumbe wa Mama: amechoka kuona saruji, je, hakuna mahali katika nchi hii watu wanapolima? Nikamwambia kuna mashamba Umm Salal. Akashuka, akaingia nyuma. Kioo kilikuwa bado kinatazama paa.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuwa wawili tu, na nakwambia, tulikosa la kusema. Sisi tunaocheka hadi salio linaisha! Nilisikia anakohoa. Nikasikia mkoba unafunguliwa, unafungwa. Nikaongeza baridi, nikapunguza. Tulifika Umm Salal nikaegesha kando ya shamba moja lenye mistari ya mboga na mipira ya kunyweshea, na bado hakuna aliyefungua kinywa.

Simu yangu ikalia. Nikaangalia: Mama.

Alikuwa nyuma yangu, mkono ungeweza kumfikia. Nikaipokea.

"Mkwe," ikasema sauti ninayoijua. Niliisikia mara mbili, sikioni na kisogoni. "Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Uko wapi?"

"Niko mashambani, naangalia sukuma wiki ya Waarabu. Ni nyembamba." Akacheka, nami nikacheka, na kifua changu kikafunguka. Kisha akasema, "Sikiliza. Mimi nitarudi nyumbani. Nimemwona mtoto, nimeona anapokaa, inatosha. Nenda na mke wako."

"Hapana."

"Nasimiyu aliniambia unachotaka. Kuketi uletewe. Si kitu kibaya, mkwe. Wewe umewabebea watu sana."

Nikaona aibu hadi masikioni. Jambo nililomwambia mke wangu kitandani lilikuwa limekaa hapa nyuma yangu na kitambaa kichwani.

"Mama, ukirudi bila kuona huo mto kwa sababu yangu, nitaishi vipi na Nasimiyu? Afadhali tusiende wote."

"Umekasirika."

"Ndiyo, nimekasirika! Kazini nawapisha watu. Kwenye korido nawapisha, kwenye lifti nawapisha. Nimekuja kupata safari yangu moja, nayo naambiwa nipishe."

Mfanyakazi mmoja alipita kati ya mistari ya mboga akivuta mpira.

"Mkwe," akasema, "Baba Reuben alikuwa mtu mzuri akiwa hajanywa. Akinywa, anayetoka nje ni mimi. Nimelala jikoni kwa majirani. Nimelala kwa banda la kuku, Nasimiyu nikiwa nimemfunga mgongoni. Hayo hatukuwaambia wakati wa posa. Tangu nizaliwe, hakuna mwanamume aliyewahi kutoka nyumbani kwake ili mimi nilale."

Yule mfanyakazi aligeuka, akaanza mstari mwingine.

"Wewe ulitoka. Najua ni mila. Lakini wangapi bado wanaifuata? Mwenzako mmoja pale kijijini alimtandikia mama mkwe godoro sebuleni, akasema siku hizi ni za kisasa. Wewe hata hukuuliza. Kila nikizima taa pale kwako nasema, leo kuna mtu amenipisha. Halafu nalala, na silali vibaya. Ndiyo maana sitaki tuivunje hii kitu kwa sababu ya mto tu. Kwako ni mzigo, naona. Kwangu ni kitu ambacho sijawahi kupewa."

Gari lilikuwa limesimama lakini nilikuwa nimeushika usukani kwa nguvu. Hotelini nimewapisha watu kwa miaka, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyelala vizuri zaidi kwa ajili hiyo. Nilitamani sana kugeuka nimwone. Nilijua nikigeuka nitamnyang'anya kile kile alichokuwa ananishukuru kwacho, kwa hiyo niliendelea kuangalia mboga.

"Mama," nikasema. "Kama ni kukupisha, nimeshaanza. Niache nimalize. Wewe ndiye utakayeenda."

Nikaibana simu zaidi sikioni.

"Mama? Umekata?"

"Sijakata. Si niko hapa." Alikuwa analia, nilimsikia kwa masikio yote mawili. Kisha akapenga kamasi. "Nyinyi watu wa ziwa mna kiburi, wacha tu. Haya, tafuta mwenye hili shamba nimwambie aweke samadi."

Walisafiri, mama na binti. Nisikudanganye kwamba nilibaki na moyo mweupe kama malaika. Niliwaombea safari njema, nikairudisha likizo yangu kwa msimamizi, na siku ya kwanza kubeba trei nilinuna hadi mpishi akaniuliza kama kuna msiba. Nasimiyu alinitumia picha: mto wa kijani, ng'ombe wanene ukingoni, meza iliyopambwa. Nilizitazama, nikazifunga, nikazifungua tena. Wivu ulinikaba, nausema wazi. Ile ilikuwa meza yangu.

Siku moja baada ya pilika za kifungua kinywa kuisha, nikiwa nateremka ngazi za wafanyakazi na vyombo vichafu, ikaingia sauti ya Mama Reuben. Nikaiweka simu sikioni.

"Mkwe, hawa watu wataniua na adabu. Nikitandika kitanda, wanakitandua wanakitandika upya. Sasa sikia. Kuna mwanamume anayetuhudumia mezani, rika lako kabisa. Anatembea hasikiki. Nimekuwa nikimwangalia tangu tufike, na chakula kikawa hakinishuki. Leo nikamwambia Nasimiyu amwambie aketi. Akakataa. Nikasema amwambie mimi ni mzee, na kwetu mzee hakataliwi. Akaketi, upande mmoja tu wa kiti, kama mtu anayetaka kukimbia. Nikasimama mimi. Nikammiminia chai, nikamtilia sukari, nikamkatia mkate nikaupaka siagi mpaka pembeni. Nikasimama hapo mpaka akamaliza. Alikuwa na njaa, maskini. Alinishukuru sana, lakini hakuelewa ni kwa nini. Wewe unaelewa, mwanangu."

Miaka yote hiyo alikuwa akiniita mkwe.

Niliweka trei chini, nikaketi kwenye ngazi, nikaisikiliza tena tangu mwanzo.